Ngalawa, mashua au faiba? Kwa kijana anayetaka kushuka na bahari kutoka Tanga mpaka Dar

Juzi kanifata dogo mmoja wa Tongoni, ana miaka 21, yeye na wenzake wawili wanataka kushuka na bahari kutoka Tanga mpaka Dar, wapumzike Bagamoyo siku mbili tatu, alafu warudi. Hawaendi kuvua wala kupeleka mzigo, ni hamu tu ya kuiona pwani yao wenyewe, maana mpaka leo Dar wanaijua kwa dirisha la basi kupitia Chalinze. Akanisalimia vizuri, "Shikamoo kaka," alafu swali moja tu: tuchukue chombo gani? Babu yake ana ngalawa, kuna mjomba anaweza kuwaazima mashua, na kuna jamaa wa mjini anakodisha faiba (boti ya fiberglass) yenye mashine ya hospawa 15. Wamebishana wiki nzima baraza zima limegawanyika.

Nikamwambia sikujibu hapo hapo, nitaandika, maana hili swali naulizwa kila mwaka kaskazi (upepo wa kutoka kaskazini) ikianza na kila anayeuliza tayari anataka aambiwe kile alichokipenda. Nimepanda vyote vitatu, hakuna nachokichukia. Ila kuna kitu kimoja vijana wanakisahau na ndio kitu kinachonifanya niandike: wote wanachagua chombo cha kwendea, hakuna anayechagua chombo cha kurudia.

Tuanze na njia yenyewe

Tanga mpaka Dar kwa bahari ni kilomita 200 na ushee. Ukitoka Tanga unapita Tongoni na Kigombe, humo wote uko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, unafika Pangani ambayo ni kama kilomita 45. Baada ya Pangani kuna Mkwaja, kama 40 nyingine, alafu Saadani, Bagamoyo, na mwisho Dar. Kwa chombo cha tanga hizo ni siku tano ukiwa na bahati na hukimbizani na mtu.

Kipande cha kuheshimu ni Pangani mpaka Mkwaja. Angalia ramani utaona kwa nini: ukiwa hapo, mbele yako baharini ndio ule uwazi kati ya Pemba na Unguja, upana wake kama kilomita 50, na mawimbi ya bahari kuu yanaingia humo bila kukuomba ruhusa. Ukishavuka Mkwaja kuelekea Saadani, Unguja inaanza kukukinga na bahari inatulia kidogo. Na Maziwe, kile kisiwa cha mchanga mbele ya Pangani, mchana kinapendeza sana kwa kupikia chai lakini maji yakijaa kinazama, kwa hiyo usije ukapanga kulala pale.

Vigezo nilivyotumia

Nitavipima vyote kwa mambo matano: upepo (na hasa wa kurudi), kutua ufukweni, watu wanaohitajika, kitakachotokea mambo yakiharibika, na hela. Cha kwanza ndio kina uzito kuliko vyote ndio maana nitakaa hapo muda mrefu, hela nitaipitia haraka maana hiyo kila mtu anaijua mfuko wake.

Upepo

Kaskazi inavuma Desemba mpaka Machi hivi, kusi (upepo wa kutoka kusini) inashika kuanzia Aprili au Mei mpaka Septemba, katikati kuna maleleji ambapo upepo haueleweki. Mkondo wa pwani yetu nao unaelekea kaskazini mwaka mzima, na kusi ikivuma unapata nguvu zaidi. Kwa hiyo anayeshuka Dar wakati wa kaskazi ana upepo mgongoni, anakula raha, anapiga picha. Shida ni Jumatatu inayofuata.

Mimi nilikuwa na miaka 22, tulitoka Tanga na ngalawa mwezi wa kwanza, tulifika Pangani masaa matano hata jasho halijatoka. Tukala, tukalala, tukasema kesho saa sita mchana tuko nyumbani. Kurudi kulituchukua siku mbili. Upepo umesimama usoni, kila tukibisha (kwenda kwa kona kona dhidi ya upepo) tunajikuta karibu pale pale, ule mnazi wa pembeni ya Kigombe niliuona kwa pande zote mpaka nikauzoea kama ndugu. Tulilala Kigombe kwa wavuvi, wakatupa ugali na dagaa na kamba ya katani, maana kamba zinazoshika tengo moja (mti unaounganisha gogo na mbao za pembeni) zilikuwa zimeshalegea zote. Toka siku hiyo nikiulizwa chombo gani, mi nauliza kwanza mnarudi lini.

Ngalawa kwenye upepo wa nyuma au wa ubavuni ni raha ya dunia, nyepesi, inaruka. Lakini haina mkuku (ule mti wa chini kabisa unaoshika maji) wa maana, mwili wake ni gogo moja lililochongwa, mara nyingi la mwembe, kwa hiyo ukitaka kuibisha inateleza pembeni kuelekea demani (upande upepo unakokwenda) na lile rengu (ubao wa pembeni unaoizuia isipinduke) la upande huo linazama kwenye maji likiwa kama breki. Mtu mmoja inabidi atoke nje akakalie matengo upande wa joshi (upepo unakotoka) ili isilale, na huyo mtu analowa kuanzia asubuhi mpaka jioni. Babu zetu waliweza, ndio, ila babu zetu walikuwa wanasubiri msimu ubadilike ndio wanarudi, hawakuwa na ruhusa ya kazini inayoisha Ijumaa.

Mashua inashika joshi vizuri zaidi kwa sababu ina mkuku na ina farumi chini, yaani mifuko ya mchanga au mawe ya kuipa uzito. Bado ni tanga la pembe tatu, bado kila ukigeuza inabidi foromali (mti mrefu unaobeba tanga) ihamishwe kuzunguka mlingoti na hapo kila mara unapoteza kidogo ulichokipata, lakini inakwenda. Hesabu yangu ya kubisha ni hii: kwa chombo kizuri weka mara mbili ya umbali wa ramani. Pangani kurudi Tanga ya kilomita 45 wewe ihesabu 90, na kwa ngalawa ongeza subira juu yake.

Faiba haijali kaskazi wala kusi, inajali wimbi. Ukienda nalo mgongoni utaona kama unapaa, ukirudi nalo usoni boti inapiga maji paa, paa, paa mpaka kiuno kinauma, inabidi upunguze spidi na ukipunguza spidi hesabu yako ya mafuta inavurugika. Watu wengi wanadhani ukishakuwa na mashine upepo haukuhusu tena. Unakuhusu, ila kwa faiba unaulipia kituo cha mafuta.

Kuna mfano mmoja naupenda. Wale wa Flipflopi wa Lamu, ile jahazi ndogo ya kama mita 9 iliyotengenezwa kwa plastiki zilizookotwa na kuvishwa vipande vya ndala kama 30,000, chini ya fundi Ali Skanda, waliishusha majini 2018 na safari yao ya Lamu mpaka Zanzibar, kama kilomita 500, wakaifanya Januari na Februari 2019. Angalia hiyo miezi. Chombo cha ajabu namna ile, dunia nzima inawaangalia, na bado walingoja kaskazi iwasukume kwenda kusini. Upepo hauna staa.

Kutua ufukweni

Hapa ngalawa inawapiga wenzie vibaya sana. Inahitaji maji ya magotini tu, unaiingiza popote penye mchanga, watu wanne watano mnaiburuza juu mnalala. Mkikuta wavuvi ufukweni wanakuja kusaidia kusukuma kabla hamjaomba, ndio desturi.

Mashua ni habari nyingine. Kwenye bamvua (siku za maji makubwa) maji yetu yanapanda na kushuka kama mita 3 na zaidi, ukiingia Mkwaja maji yamejaa ukalala kizembe utaamka mashua imekaa kwenye matope imeinama ubavu, na utaisubiri bahari irudi ukipenda usipende. Sio ajali, chombo kinakaa tu vizuri kama umekiegemeza, ila ratiba yako sasa inapangwa na maji. Vijana wenye haraka hii kitu inawauma. Wengine wanatia nanga nje kidogo na kwenda nchi kavu kwa mtumbwi, kama wanao.

Faiba unaweza kuisogeza mpaka mchangani ukainua mashine, ila kama hujaizoea utasahau kuinua na propela itakula mchanga au jiwe. Propela ya akiba na pini zake zibebeni, msibishane na mimi.

Mdomo wa mto Pangani ni mtihani kwa vyote vitatu. Maji yakiwa yanapwa yanatoka mtoni kwa nguvu, upepo unaingia kutoka baharini, vinakutana pale kwenye fungu la mchanga na mawimbi yanasimama wima. Ingieni maji yanajaa. Mkifika wakati mbaya kaeni nje msubiri, hata masaa matatu, laleni kwa zamu.

Na Saadani kumbukeni ni hifadhi ya taifa, huwezi kutua popote ukawasha moto, ishieni kijijini. Kijiji chochote mnachotua mkaripoti kwa BMU (kikundi cha usimamizi wa ufukwe) au mwenyekiti, mseme mmetoka wapi mnaenda wapi. Inawalinda na maswali ya usiku na pia kesho msipofika mnapokwenda kuna mtu aliyewaona.

Watu

Ngalawa watu watatu wanatosha kabisa, wanne mnaanza kukanyagana na mizigo yenu italowa yote. Mashua kwa safari hii mi nataka wanne, mmoja kwenye usukani, wawili kwenye henza (kamba ya kupandishia tanga) maana lile tanga pamoja na foromali yake ni zito kweli kulitweka, na mmoja wa kukumba maji na kushika kamba ya demani, ile ya kuongozea tanga. Na kati ya hao wanne mmoja awe nahodha wa kweli, mtu aliyeshapita njia hiyo. Nasema hivi kwa heshima, miaka 21 ni umri mzuri wa kuwa baharia na umri mdogo wa kuwa nahodha wa mashua ya mtu.

Faiba wawili wanatosha, mmoja wa mashine na mmoja wa kuangalia mbele. Ni rahisi kujifunza, siku mbili tu kijana anaiendesha. Hapo ndipo penye mtego kidogo, kwa sababu chombo kinakufikisha mbali kabla hujajua bahari. Wa ngalawa akifika Mkwaja ameshafundishwa mengi njiani, wa faiba akifika Mkwaja ana masaa manne tu ya bahari maishani mwake.

Mambo yakiharibika

Ngalawa ikijaa maji haizami, ni mti, mtakaa juu yake kama ndege mpaka mtu apite. Kinachovunjika ni matengo, au kamba zinazoshika rengu zinalegea, na hivyo vyote unaweza kuvifunga upya ufukweni kwa kamba na panga. Ngalawa ya babu nzuri sana lakini kagueni gogo, kama kuna ufa uliozibwa na lami na matambara tangu mwaka juzi msiende nayo kokote.

Mashua inavuja kidogo, hiyo ni kawaida yake, pamba ya kalafati (inayoziba nafasi kati ya mbao) ikikauka inapitisha mpaka mbao zivimbe. Mnakumba maji asubuhi na jioni. Kama ilikaa nchi kavu muda mrefu ishusheni majini siku kadhaa kabla ya safari muone inavyovimba, na muulize mjomba mara ya mwisho lini alipaka deheni (mafuta ya kukinga mbao) chini, maana wale wadudu wa kutoboa mbao hawaonekani mpaka siku ubao unapokatika. Ikijaa maji kweli kweli huku ina farumi ya mawe, inazama. Tupeni farumi mapema, msisubiri kikao.

Faiba mashine ikizima umebaki na beseni kubwa linalopeperushwa. Haina tanga, haina mkuku, ubavu wake uko juu upepo unaisukuma kama karatasi. Nanga yenye kamba ndefu inakuwa rafiki yako wa kwanza hapo, na makafi mawili, hata kama yanaonekana kichekesho. Bebeni plagi za akiba, na kifaa cha kufungulia hizo plagi (utashangaa wangapi wanabeba plagi bila spana). Petroli ichujwe, ya madumu ya ufukweni ina maji mara nyingi. Na ile kamba ya kuzimia mashine, ivae mkononi, mtu akianguka majini na boti ikaendelea peke yake inazunguka na kurudi juu yake.

Kwa vyote: jaketi la kuokolea kwa kila kichwa na livaliwe, sio likaliwe. Simu kwenye mfuko wa nailoni mara mbili, redio ya VHF kama mnaweza kuazima na chaneli 16 ndio ya dharura. Angalieni utabiri wa TMA (mamlaka ya hali ya hewa) wa upepo na mawimbi kila mnapopata mtandao, na chombo kiwe na namba na ukaguzi wake, Bara hayo yako TASAC (shirika la uwakala wa meli), mkivukia Unguja ni ZMA (mamlaka ya usafiri wa baharini Zanzibar).

Hela

Ngalawa ni rahisi kuliko vyote, kama ni ya babu basi ni kamba mpya, turubai la tanga na chakula. Mashua ya kuazima sio ya bure hata kama mjomba anacheka, utamkalafatia, utamnunulia rangi, na ukiivunja ni kesi ya ukoo.

Faiba tupige hesabu. Mashine ya hospawa 15 ya kuchanganya ukiifungulia sana inakunywa kama lita 6 kwa saa. Tuseme mnaenda kilomita 20 kwa saa mkiwa na mzigo, kilomita 220 ni masaa 11, ni lita 66, na akiba ya theluthi juu yake mnafika karibu lita 90 na oili karibu lita 2 kwa mchanganyo wa 50 kwa 1. Hiyo ni kwenda tu, kurudi zidisha, na ukodishaji haumo. Kuhusu kununua, mashine mpya peke yake inazidi bei ya ngalawa.

Sasa wewe uko wapi

Kama hamu yako ni pwani yenyewe, kulala vijijini, kula na wavuvi, na una mwezi au miwili ambayo hakuna anayekupigia simu, na mko watatu mnaoogelea vizuri, ngalawa. Shukeni Februari mwishoni na mrudi kusi ikiwa changa, au mfike Dar muipakie kwenye jahazi inayopanda. Mkiwa na wiki moja tu, fanyeni Tanga mpaka Pangani na kurudi, ni safari kamili hiyo msione aibu.

Kama unataka kujifunza ubaharia uwe kazi yako baadae, mashua, ila chini ya mtu. Muombe mjomba aende na nyinyi, mumlipe chakula na heshima. Mtarudi mnajua kupima upepo kwa shingo na mikono yenu itakuwa haifunguki kwa henza. Mkiwa watatu bila mtu mzima mashua ya mjomba iacheni ilipo.

Kama una siku nne za likizo, una hela ya mafuta, au kuna mtu kati yenu mgonjwa mgonjwa anayeweza kuhitaji hospitali haraka, faiba. Tokeni alfajiri upepo haujaamka, muwe mmefunga kabla ya saa nane mchana, na msivuke Pangani kwenda Mkwaja mkiwa na dumu moja eti mtanunua mbele.

Kama ni Juni au Julai kusi ikiwa imekaza na unataka kushuka Dar, kwa ngalawa nakwambia hapana, kwa mashua muulize nahodha na umsikilize, kwa faiba itakuwa kiuno chako na mfuko wako.

Dogo wa Tongoni, wewe na wenzio mko watatu, mnaogelea, na umeniambia mnatakiwa kurudi chuoni tarehe 10. Ngalawa ya babu ichukueni, mwende Kigombe, mwende Pangani, mlale siku mbili, na mgeuze pale pale. Ukirudi pitia nyumbani na kamba yangu ya nailoni, nakuazima leo, ile ya katani ya Kigombe sijairudisha mpaka kesho.